Mwongozo kamili wa kupanga muvi za masupahiro: nini inahesabika, nini haihesabiki, na uanzie wapi

Kama uko Kisumu ama Nakuru na umewahi kukaa na wasee mkiangalia muvi za masupahiro, unajua venye inaendaga. Muvi haijafika nusu mtu anauliza "lakini huyu si alikufa?", mwingine anasema huyo ni wa zile za zamani, wa tatu anaapa alimwona akifufuka, muvi inasimamishwa na watu wanaanza kubishana mpaka chai inapoa. Mimi napenda hayo mabishano, lakini mengi yangeisha haraka sana kama mtu angekuwa amepanga vitu zake mapema. Huu mwongozo ni wa hiyo kupanga. Ni wa mtu ako na fleshi imejaa muvi za miaka zaidi ya ishirini, Marvel na DC, zile kampuni mbili kubwa za masupahiro, zimechanganywa kwa folda moja, na anataka kujua ipi inafuata ipi na ipi haihusiani na zingine kabisa.

Tafuta daftari na kalamu za rangi mbili, pamoja na penseli. Simu pia ni sawa lakini daftari haimalizi chaji stima ikipotea katikati ya muvi.

Nitatumia sana maneno mawili. Mwendelezo ni vile jambo la muvi moja linabebwa mpaka kwa nyingine. Kanoni ni yale mambo wenye hadithi wenyewe wamekubali kwamba yalitokea. Muvi inaeza kuwa kanoni kabisa na mwendelezo wake uwe mbovu, na hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Na nitasema msimamo wangu mapema ili usome ukijua: mimi sihukumu muvi kwa tarehe zake, nahukumu kwa madeni. Nitaeleza kwa hatua ya tano.

Hatua ya 1: Hakikisha kopi yako ni nzima

Hii watu wanairuka na ndiyo inaleta fujo nusu. Kwanza angalia urefu wa faili. Avengers: Infinity War ni dakika 149, Endgame ni dakika 181, Black Panther: Wakanda Forever ni dakika 161. Kama yako imepungua dakika kumi hivi, uwezekano ni kwamba mtu alikata mwisho akifikiri majina yakianza kupanda muvi imeisha, na vile vipande vya katikati na baada ya majina ndivyo vinabeba muvi inayofuata.

Mfano wa hapa nyumbani. Lupita Nyong'o, ambaye baba yake ni gavana wetu hapa Kisumu, anaigiza Nakia. Ule ukweli mkubwa kuliko yote ndani ya Wakanda Forever, kwamba T'Challa, yaani yule mfalme Black Panther, aliacha mtoto wa kiume na Nakia amemlea Haiti, uko kwa kipande cha katikati ya majina. Kopi ikikatwa hapo wewe utabishana mwaka mzima kwamba T'Challa hakuacha mrithi.

Pili, zile muvi za kutafsiriwa na DJ. Nazipenda sana, nimekua nazo, na kuna watu wa rika la wazazi wetu wasingekaa kuangalia Avengers hata robo saa bila DJ. Lakini DJ akitafsiri anaongeza, huo ndio ufundi wake: anampa jamaa jina jipya, anaweka sababu ya vita haikuwa kwa muvi, anamfanya mtu kuwa shemeji ya mwingine. Kwa hivyo ukiwa unapanga kanoni, chochote ulichosikia kwa DJ kiangalie tena kwa kopi ya kawaida kabla hujakiandika kwa daftari.

Tatu, ujue kuna muvi ziko na matoleo mawili. Justice League ya 2017 ilipita kwa mikono ya wakurugenzi wawili na ni dakika 120. Ile ya Zack Snyder iliyotoka 2021 ni zaidi ya saa nne, na hadithi zao haziendi sawa. Batman v Superman pia iko na toleo refu linalopita saa tatu kidogo, na lile refu linaeleza mambo ambayo la sinema liliacha hewani. Andika kwa daftari ni toleo gani uliona, kwa sababu watu wawili wanaeza kubishana kumbe kila mmoja anasema ukweli wa muvi yake.

Hatua ya 2: Gawanya kwa boma

Usigawanye kwa jina la shujaa, utapotea. Gawanya kwa nani alikuwa na haki za kutengeneza. Marvel ilikuwa na shida kubwa ya pesa miaka ya 1990 na haki za sinema za wahusika wake wengi zikaenda kwa kampuni zingine, X-Men wakaenda Fox, Spider-Man akaenda Sony. Ni kama watoto wa mama mmoja waliolelewa kwa maboma tofauti: damu ni moja lakini mila si moja, na huwezi kumuuliza wa boma hili kwa nini hakuja mazishi ya boma lile.

Boma la kwanza ni Marvel Studios, linaanza na Iron Man ya 2008. La pili ni X-Men wa Fox, muvi 13 kuanzia 2000 mpaka The New Mutants ya 2020. La tatu ni Spider-Man wa Sony, na hapa kuna nyumba ndogo ndogo: Tobey Maguire ana tatu (2002, 2004, 2007), Andrew Garfield ana mbili (2012, 2014), halafu kuna zile za kina Venom kuanzia 2018. Tom Holland ni kesi ya peke yake. Sony na Marvel walikubaliana 2015, akatokea ndani ya Captain America: Civil War 2016, kwa hivyo muvi zake ni za Sony lakini hadithi yake inaishi kwa boma la kwanza. Mwandike huko.

DC nayo ina maboma yasiyohusiana. Batman wa 1989 mpaka 1997 ni mwendelezo mmoja ulegevu, waigizaji wa Batman walibadilika mara mbili lakini Alfred ni Michael Gough kwa zote nne. Batman wa Christopher Nolan, 2005 mpaka 2012, ni boma lingine lililofungwa. Kuanzia Man of Steel 2013 mpaka Aquaman ya pili Disemba 2023 ni lingine. Joker ya 2019 na The Batman ya 2022 kila moja inasimama peke yake. Halafu James Gunn akaanza upya na katuni ya Creature Commandos Disemba 2024 na Superman ya Julai 2025.

Ukimaliza hii hatua tu, naamini nusu ya maswali yako imekwisha.

Hatua ya 3: Kila muvi ipewe miaka miwili

Kwa rangi moja andika mwaka iliotoka, kwa rangi ingine mwaka hadithi inapotokea. Captain America ya kwanza ilitoka 2011 lakini ni ya vita vya pili vya dunia. Captain Marvel ilitoka 2019, hadithi ni ya 1995. Black Widow ilitoka 2021 lakini inatokea baada tu ya Civil War. Guardians of the Galaxy ya pili ilitoka 2017 lakini hadithi bado ni 2014, miezi michache baada ya ya kwanza. Halafu Endgame ndiyo inaruka miaka mitano, inatua 2023, na tangu hapo muvi za Marvel Studios zikawa zinatangulia kalenda yetu kwa miaka kadhaa.

Huo mruko utaukumbuka kila mara. Rudi kwa mtoto wa Nakia: T'Challa alipotea 2018 na wale nusu ya dunia waliofutwa na Thanos, yule adui mkubwa wa Infinity War, akarudi 2023. Wakanda Forever inatokea miaka michache tu baada ya hapo na mtoto ashakuwa mkubwa wa kutembea na kuongea vizuri. Kama mimba ingeingia baada ya 2023 angekuwa wa kubebwa mgongoni. Kwa hivyo ni ya kabla ya 2018, na hesabu inakubali. Raha ya daftari ni hiyo, unapata jibu bila kumpigia mtu simu.

Hatua ya 4: Jua ushahidi gani unashinda upi

Juu kabisa ni kile kilichoonekana na kusemwa ndani ya muvi. Inafuata kauli rasmi ya studio, kwa mfano kile kitabu cha ratiba ambacho Marvel Studios walitoa 2023. Chini yake ni maneno ya mkurugenzi ama mwigizaji kwa mahojiano. Chini kabisa ni sisi mashabiki na nadharia zetu.

Ile ya tatu andika kwa penseli. 2017 Tom Holland alisema yule mtoto mdogo mwenye kinyago ndani ya Iron Man 2 alikuwa Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, na watu wakapenda, hata mimi napenda. Lakini hakuna muvi imewahi kumtaja, kwa hivyo inabaki penseli.

Na ujue kanoni inaeza kubadilisha mawazo. Siris ya Daredevil ilikuwa Netflix 2015 mpaka 2018, ikasimama, na kwa muda mrefu watu wakaambiwa waisahau. Halafu Disemba 2021 Charlie Cox, yule yule aliyeigiza Daredevil, akatokea kama wakili ndani ya Spider-Man: No Way Home, na 2025 ikaja Born Again ambayo inaendeleza hadithi ile ile. Agents of S.H.I.E.L.D. iliyoanza 2013 haijabahatika hivyo, haimo kwa kile kitabu. Usifute kitu kwa daftari eti kwa sababu kimetupwa, weka alama tu pembeni.

Hatua ya 5: Fungua ukurasa wa madeni

Hapa ndipo pa kukaa. Kila muvi ikiisha jiulize: nani ameumizwa, nani ameahidi nini, nini kimevunjwa, nani amejua siri? Kila jibu ni deni. Muvi inayofuata inalipa ama hailipi. Andika deni upande wa kushoto na muvi iliyolipa upande wa kulia.

Chukua Tony Stark, yaani Iron Man. 2012, ndani ya Avengers ya kwanza, anabeba kombora la nyuklia mpaka ule upande mwingine wa anga na anaanguka akidhani amekufa. Iron Man 3 ya 2013, hawezi kulala, anashikwa na hofu mpaka anashindwa kupumua. 2015 anaonyeshwa maono wenzake wote wamekufa, anaogopa, anatengeneza roboti Ultron. Ultron anaangamiza mji kule Sokovia. 2016 serikali za dunia zinaleta mkataba kwa sababu ya Sokovia, Tony anasaini kwa sababu ya hatia, Captain America anakataa, kundi linavunjika. 2018 Thanos anakuja akiwakuta hawaongei, wanapigwa. 2019 Tony analipa deni lote kwa maisha yake. Angalia hiyo kamba: hakuna tarehe hata moja unahitaji kujua ili ikuume. Waandishi tofauti, wakurugenzi tofauti, lakini uoga wa mtu mmoja ulibebwa miaka saba bila kudondoshwa. Huo ndio mwendelezo, na ndio maana watu walilia.

Madeni mengine yanakaa sana lakini yanalipwa. Andrew Garfield alishindwa kumwokoa mpenzi wake Gwen 2014, na muvi zake zikakatwa hapo. Miaka saba baadaye, ndani ya No Way Home, MJ, mpenzi wa Spider-Man wa Holland, anaanguka na ni yeye anamdaka, na sura yake pale inasema yote. Na yule mwanasayansi Sterns, tulimwacha The Incredible Hulk ya 2008 damu ikimdondokea kwa kidonda cha kichwa, akarudi 2025 ndani ya Captain America: Brave New World. Miaka 17!

Sasa angalia deni lililoachwa. Eternals ya 2021 inaisha na jitu kubwa kuliko mlima limetokeza kichwa na mkono kutoka Bahari ya Hindi. Bahari yetu hii. Ukiwa Mombasa ungetarajia mtu aseme kitu. Muvi baada ya muvi zikapita kimya, likatajwa kwa kupita tu ndani ya She-Hulk, mpaka hiyo Brave New World ndiyo ikalifanya kuwa jambo la maana. Hakuna tarehe iliyokosewa hapo, hakuna kitu kimepingana na kingine, lakini kwangu hilo ni kosa kubwa zaidi kuliko mwaka ulioandikwa vibaya, kwa sababu linakufundisha wewe mtazamaji kwamba yale uliyoona hayakuwa na uzito.

Na madeni ndiyo yanakusaidia kwa lile swali la "huyu si alikufa?" Gamora wa Guardians alikufa 2018, ndani ya Infinity War. Gamora wa Endgame ametoka 2014, na kwa Guardians ya tatu, 2023, hamjui Quill, hakumbuki mapenzi yao. Sura ni moja, daftari si moja. Loki wa ile siris ya 2021 naye ni yule aliyetoroka 2012, si yule aliyenyongwa na Thanos. Kila toleo lipe ukurasa wake mpya, usihamishe madeni. Logan, yaani Wolverine wa Fox, alikufa 2017 na Deadpool & Wolverine ya 2024 haikumfufua, inaanza na mifupa yake ikichimbuliwa, halafu inatafuta Wolverine mwingine kabisa mwenye majuto yake. Waliheshimu kaburi, na nawapa alama kwa hilo.

Hatua ya 6: Ukikuta kitu kinapingana, kipime kabla hujapiga kelele

Kuna mambo si makosa ya hadithi. Edward Norton alikuwa Hulk 2008 kisha Mark Ruffalo 2012. Terrence Howard alikuwa Rhodey, rafiki wa Tony, kisha Don Cheadle. William Hurt alifariki 2022 na Harrison Ford akachukua nafasi yake kama Ross, yule jenerali. Mhusika ni yule yule, endelea na ukurasa ule ule. Ila Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020 walikataa kumbadilisha, wakamfanya T'Challa naye augue na afe ndani ya hadithi, na hilo likawa deni la dada yake Shuri kwa muvi nzima.

Kuna makosa ya kalenda tu. Spider-Man: Homecoming inaanza baada ya vita vya New York vya 2012 kisha inaandika miaka minane imepita, na hiyo inakupeleka 2020, ilhali inafuata Civil War ya 2016. Haiwezekani. Lakini hakuna mtu ndani ya hadithi anabadilika kwa sababu ya hiyo namba. Weka mstari chini, songa mbele.

Kuna marekebisho, yaani wanarudi nyuma kubadilisha maana ya kitu. Yanaeza kufanywa vizuri. Thor ya 2011 ilionyesha ile glavu ya Thanos ndani ya hazina ya Odin, baba ya Thor, halafu baadaye Thanos akawa na yake. Ragnarok ya 2017, Hela, binti ya Odin, anapita pale, anaisukuma ianguke na kusema ni feki. Sekunde chache tu, na kosa limegeuka kuwa habari kumhusu Odin. Peacemaker msimu wa pili, 2025, walirudia kipande cha mwisho wa msimu wa kwanza wakabadilisha mashujaa waliotokea ili wawe wa boma jipya, wazi wazi bila kujificha. Mimi naona hiyo ni heshima kwa mtazamaji.

Halafu kuna yale yanayovunja mtu. Batman v Superman, Diana, yaani Wonder Woman, anasema alijitenga na wanadamu miaka mia moja iliyopita. Wonder Woman 1984 inamwonyesha akiokoa watu miaka ya themanini. Hapo si kalenda imekosewa, ni tabia yake, ni ile huzuni yote aliyokuja nayo. Haya ndiyo ya kubishania usiku kucha.

Hatua ya 7: X-Men wapewe dawa yao

Usijaribu kunyoosha muvi za Fox kwa mstari mmoja, utaumwa kichwa bure. Moira ni daktari kwa The Last Stand ya 2006 na ni ajenti wa CIA mwaka 1962 kwa First Class. Xavier, mkuu wa X-Men, anapoteza miguu 1962, lakini Last Stand na Origins: Wolverine zinamwonyesha akitembea miaka mingi baadaye. Alikufa pia ndani ya hiyo Last Stand, na mwisho wa The Wolverine ya 2013 anatokea kwa kiti chake hakuna anayeeleza.

Fanya hivi: chora mstari mmoja kutoka 2000 mpaka Days of Future Past ya 2014, halafu pale Wolverine anaporudishwa 1973 chora tawi. Juu ya tawi weka Apocalypse na Dark Phoenix. Logan iweke mbali mwishoni, hadithi yake ni ya 2029. Deadpool kaa naye pembeni. Kitu kimoja kinaunganisha yote, nacho ni Hugh Jackman, mtu aliyebeba huzuni ile ile miaka 17. Fuata yeye, na hayo makosa mengine hayatakuuma sana.

Hatua ya 8: Mpangilio wa kuangalia

Mara ya kwanza, fuata mwaka iliotoka. Watu watakuambia uanze na Captain America kwa sababu ni ya miaka ya arobaini, kisha Captain Marvel. Usikubali. Captain Marvel ilitengenezwa kwa mtu aliyeshaona Nick Fury, yule mkubwa wa majasusi, akiwa na jicho moja, na kipande chake cha katikati ya majina kinakuambia mwisho wa Infinity War kabla hujaiona. Ukimaliza zote 23 kutoka Iron Man mpaka Far From Home, basi rudia kwa mwaka wa hadithi kama una nguvu.

Mgeni akija wikendi na hana muda, mpe zile za kamba ya Tony tu: Iron Man, Avengers, Iron Man 3, Age of Ultron, Civil War, Infinity War, Endgame. Muvi saba. Atakosa mengi lakini atamaliza akiwa ameelewa. Kabla ya No Way Home mpe walau Spider-Man 2 ya 2004 na zote mbili za Garfield, la sivyo atashangaa kwa nini watu wengine ndani ya nyumba wanapiga makofi.

Hatua ya 9: Tayarisha daftari kwa inayokuja

Avengers: Doomsday imepangwa Disemba 2026, na Robert Downey Jr. anarudi, si kama Tony, ni Doctor Doom. Mpe ukurasa mpya kabisa, mtupu, jina la Doom juu. Ukurasa wa Tony uuache ulivyo, umefungwa 2019. Kama muvi yenyewe itasema kuna uhusiano kati ya hao wawili, andika kwa kalamu siku hiyo. Kabla ya hapo, chochote utakachosikia Kondele ama kwa matatu ya kwenda Nakuru kiandike kwa penseli.